Nafasi Wazi kwenye Rafu ya Kalunguta

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: kituo cha polisi, Komini ya Kimemi, Mji wa Butembo
Siku: Jumatatu, 25 Machi 2024, saa tatu na robo asubuhi
Mbele ya: OPJ (afisa wa upelelezi) Xavier Mbuyi
Kuhusu: kifo cha Katembo Vahwere Éphraïm na cha taximan wake Ézéchias, barabara ya Kalunguta kwenda Butembo
Shahidi: Kavuo Sivihwa Florentine, miaka 51, mtunza-nyaraka, mjane, mkaaji wa Kimemi

Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. OPJ ameniuliza kama nataka maji kwanza. Nimesema hapana, tuanze.

Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka miaka ishirini na sita. Marehemu Éphraïm alikuwa mtunza-nyaraka mwenzangu, mwenye makao Beni. Sote wawili tulikuwa wanachama wa Chama cha Watunza-Nyaraka wa Beni na Lubero, na mwaka huu sote wawili tuliomba kiti cha rais wa chama. Uchaguzi ulipangwa Jumamosi tarehe 23 Machi.

Niseme wazi kwamba kiti kile nilikitaka sana. Nimekuwa makamu mara mbili. Mara mbili nilibeba masanduku, nikaandika ripoti, na mwanamume mwingine akasaini. Éphraïm naye alipendwa na watu. Akiingia chumbani, hata wazee wa chama wanacheka kabla hajasema kitu. Alizoea kunitania kwamba mimi nyumbani hata sahani nazipa namba. Nilijua kura zikipigwa atanishinda.

Sheria ya chama inataka mgombea awe mwanachama tangu kabla ya mwaka 2005. Éphraïm alileta kopi ya ukurasa wa rejesta wenye jina lake, ukurasa wa nane. Mnamo tarehe 8 Machi niliandika barua kwa Henri, msimamizi wa uchaguzi, kuipinga kopi ile. Niliandika kwamba kopi si uthibitisho na kwamba chama cha watunza-nyaraka hakiwezi kuongozwa kwa fotokopi. Ukweli ni kwamba nilijua Éphraïm ni mwanachama. Tuliandikishwa siku moja, akanishikia mwavuli.

Henri alikubali barua yangu. Akampa Éphraïm hadi Alhamisi tarehe 14 Machi, saa kumi na moja na nusu jioni, alete rejesta yenyewe ofisini kwake hapa Butembo. Kwa orodha yetu, rejesta hiyo inakaa kwenye depo ya chama, chumba kimoja Kalunguta, ambacho ufunguo wake unatunzwa na mama Jokébed.

Alhamisi hiyo Éphraïm alitoka Beni asubuhi na taximan wake wa pikipiki, Ézéchias. Saa nane na dakika kumi mchana alinipigia simu. Nilikuwa kazini. Alizoea kuniita yaya, yaani dada mkubwa. Alisema: "Yaya Kavuo, niko kwa depo. Rejesta hapana. Nafasi yake iko wazi, ata fantôme hapana."

OPJ ameuliza fantôme ni nini. Ni kadi. Mtunza-nyaraka akiondoa kitu kwenye rafu, anaacha kadi mahali pake, yenye jina lake na tarehe, ili atakayekuja ajue kiko wapi. Ndilo jambo la kwanza tunalowafundisha wanaoanza kazi. Asiyeacha fantôme kwetu ni sawa na mwizi.

Nilimjibu: "Angalia muzuri. Pengine baliiweka kwa rafu ya chini."

Akasema: "Sawa yaya. Niko naangalia."

Nilipokata simu ndipo nikakumbuka. Mwezi wa kumi mwaka 2022 nilikwenda Kalunguta peke yangu. Kurasa za mwisho za rejesta zilikuwa zimeingiwa na unyevu, nikaichukua nikazinakili nyumbani. Siku ile milio ya risasi ilisikika upande wa milima, dereva aliyenileta akanipigia kelele nitoke. Nilitoka na rejesta kifuani na sikuacha kadi. Baadaye nikasahau. Sijui kama mtaniamini, lakini nilipoandika barua ya kupinga nilikuwa nimesahau kweli.

Nilipanda pikipiki hadi nyumbani. Saa nane na dakika thelathini na tano nilifungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Rejesta ilikuwemo, imefungwa kwenye kitenge.

Kuanzia hapa naomba yaandikwe kama ninavyoyasema.

Kutoka Kalunguta hadi Butembo, pikipiki inachukua saa moja barabara ikiwa kavu, na siku ile ilikuwa kavu. Kama ningempigia wakati ule, saa kumi kasoro angekuwa mlangoni kwangu, na mbele ya Henri kabla ya muda kwisha. Niliipiga hesabu hiyo nikiwa nimekaa kitandani na rejesta mapajani. Kisha nikaendelea kukaa. Nilikaa hadi saa kumi na dakika ishirini. Simu ilikuwa kando yangu, ina chaji, ina uniti. Sikutaka afe. Nilitaka achelewe.

Saa kumi na dakika ishirini nikampigia. Nilisema: "Éphraïm, rejesta iko kwangu. Niliikamata mwaka ule nikasahau."

Nilingoja anitukane. Akacheka. Akasema: "Mungu asifiwe! Mi nilizani panya bamekula yote. Kumbe iko muzima?"

"Iko muzima."

"Ata ukurasa wa nane?"

"Ata ukurasa wa nane."

"Wasingya, aksanti yaya. Nakuya kuikamata. Henri atanipatia ata dakika kumi, naye ni mutu."

Kila mtu wa huku anajua kwamba baada ya saa kumi barabara ile haipitwi, kwa kuhofia waasi. Mtoto wa shule anajua. Nilipaswa kumwambia alale Kalunguta, kwa mama Jokébed kuna kitanda. Lakini angelala, kesho yake Henri angemwonea huruma na kumwongezea siku. Hilo nalo nililifikiri. Nikasema "Sawa," nikakata.

Saa kumi na moja na nusu ilipita. Saa kumi na mbili nilimpigia mara nne, simu haikupatikana. Asubuhi ya Ijumaa askari wa doria walikuta pikipiki kwenye mtaro, upande huu wa Kalunguta, na miili yote miwili kwenye shamba la muhogo karibu na hapo. Walikuwa wamekatwa kwa panga. Waliofanya hivyo sikuwaona na siwajui, sina la kusema juu yao.

Alizikwa Beni, Jumanne tarehe 19. Nilikwenda. Simu yake haikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyejua alizungumza na nani mwishoni. Kwenye kilio mke wake, mama Léa, alikuwa anamuuliza kila anayeingia swali lile lile: "Ni nani alimuita Butembo saa ile? Ye mwenyewe aliniambia, saa ikipita atalala." Zamu yangu ilipofika alinishika mikono yote miwili. "Yaya, weye mulizoea kusema naye mingi. Hakukuambia kitu?"

Nilisema hapana. Nilikula chakula cha msiba nikarudi Butembo.

Kesho yake, Jumatano tarehe 20, nilikwenda Kalunguta asubuhi nyuma ya magari ya jeshi, na rejesta ndani ya mfuko. OPJ ameuliza kwa nini. Nilitaka kuirudisha kwenye rafu kimya kimya. Ikikutwa pale, mtu angesema Éphraïm hakutafuta vizuri, na maneno yangeishia hapo. Nilimwambia mama Jokébed kwamba nimekuja kukagua panya.

Mama Jokébed alinifungulia mlango akasimama pale. Alisema: "Alikaa hapa siku muzima, maskini. Akapangusa ata vumbi. Kisha ile simu akafurahi sana. Mi nikamuambia, baba, jua inaenda, enda. Akasema, 'Ngoja kidogo mama, niandike. Rafu isidanganye batu.' Akaomba kalamu yangu ya kuandikia hesabu ya mahindi."

Nilikwenda kwenye rafu ya pili. Pale pa rejesta palisimama kadi ya fantôme, mpya, mwandiko wake ule wa herufi ndefu. Nimeileta. Naisoma:

"Rejesta ya Wanachama, 1998 hadi 2006. Imechukuliwa na: Kavuo Florentine. Iko: Butembo, kwake, salama. Imeandikwa 14 Machi 2024, saa kumi na dakika arobaini jioni. Itarudi."

Kanuni ni kwamba kitu kikirudi, kadi inaondolewa na kuchanwa. Ningeweza. Mama Jokébed alikuwa ameshatoka kulisha kuku. Mkono wangu haukukubali. Nilitia kadi ndani ya rejesta, kwenye ukurasa wa nane, nikaondoka na vyote viwili. Mama Jokébed aliniuliza, "Panya iko?" Nikamwambia ipo.

Nilipaswa kuja hapa siku hiyo hiyo. Sikuja. Jumamosi nilikaa mbele ya wanachama thelathini na mmoja, tukasimama kimya dakika moja kwa ajili ya Éphraïm, kisha Henri akatangaza kwamba mgombea ni mmoja. Walinipigia makofi. Nimekuwa rais wa chama siku mbili sasa. Nilidhani nitasikia kitu, hata furaha ndogo ya wizi. Nilisikia baridi tu miguuni.

Jana Jumapili baada ya misa Henri aliniletea muhtasari wa mkutano niusaini. Mstari wa kwanza ulisema: "Mwenzetu Éphraïm alifariki akiwa njiani kwa shughuli zake binafsi." Nikamuuliza nani kasema binafsi. Henri akajibu, "Sasa tuandike nini, mama? Hakuna mwenye anajua."

Nimepanga karatasi za watu miaka ishirini na sita. Nimezipokea zenye makosa, zenye damu, zilizoliwa nusu. Ya uongo sijawahi kuisaini huku najua. Nilimrudishia kalamu.

Kwa hiyo yaandikwe hivi. Éphraïm hakuwa na shughuli binafsi. Alikuwa kwenye barabara ile kwa sababu mimi nilidai karatasi ambayo sikuihitaji, karatasi yenyewe ikiwa chini ya kitanda changu, na nilipogundua nikanyamaza saa moja na dakika arobaini na tano. Ézéchias, ambaye hata sikumfahamu, alikuwa huko kwa sababu hiyo hiyo. Aliyemuita ni mimi.

Nakabidhi rejesta na kadi. Barua ya kujiuzulu nimeiacha kwa Henri asubuhi hii. OPJ amesema jalada linahitaji kadi yenyewe. Nimemwomba kadi yenyewe apewe mama Léa, kwa sababu ni mwandiko wa mwisho wa mume wake, na polisi wabaki na kopi. Kopi inatosha. Hata ile ya Éphraïm ilitosha.

Nimesomewa yote tangu mwanzo. Ni maneno yangu, siongezi na sipunguzi.

Sahihi: Kavuo Sivihwa Florentine

Maandishi ya afisa: Shahidi amesomewa na amesaini kila ukurasa. Amekabidhi rejesta moja na kadi moja. Kopi ya kadi imewekwa kwenye jalada. Kadi yenyewe iko mezani kwangu. Mke wa marehemu amepigiwa simu saa tano na dakika kumi, akasema anapanda gari sasa hivi kutoka Beni. Shahidi ameambiwa anaweza kwenda nyumbani na ataitwa tena. Hakwenda. Yuko nje kwenye benchi, anamsubiri.

OPJ Xavier Mbuyi