Jina la Kokwa za Chanyari

Cayastá,
Santa Fe.
3 Julai 1983

Mpendwa Mama Mdogo Remigia,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko kusini? Anselmo amerudishwa kazini? Sisi huku ni wazima wa mwili, ila nyumba imepooza.

Najua simu ya maandishi ilikufikia, kwamba mama alituacha tarehe kumi na mbili Juni. Barabara zilikuwa chini ya maji, hakuna anayekulaumu. Tulimzika karibu na baba. Kwa mvua ile tulikuwa watu tisa tu.

Mto umekula ukingo tena. Safari hii umeondoka na jiko la ile nyumba ya Wahispania wa kale, tulipokuwa tukichimba tangu Machi. Kazi yangu ilikuwa kuosha udongo wa mle jikoni kwa ndoo na chekeche, halafu kuanika mbegu zilizoungua juu ya magazeti. Tulipata mahindi, kokwa za pichi, ngano kidogo. Na kando ya mafiga, konzi nzima ya kokwa za chanyari, yale matunda matamu ya mti wa miiba wa porini.

Bi Ofelia, mkuu wa uchimbaji, alisema huenda mpishi alikuwa mwanamke wa kwetu, Mmokovi, wa wenyeji waliokuwapo kabla ya Wahispania. Akaja nyumbani kumwuliza mama wazee waliliitaje tunda hilo kwa Kimokovi. Mama akamjibu kwamba yeye ni Mhispania, na kwao walikula mkate. Unamjua dada yako. Mgeni alipoondoka, nikamwambia mama anajidanganya peke yake, kijiji kizima kinajua. Maneno hayo yananiwasha mpaka leo. Alininunia siku tatu.

Kisha kifua kikambana. Wiki moja kabla ya kufa aliniomba nimletee kokwa moja, nami nikaichukua kwa siri. Akaigeuzageuza kiganjani.

“Bibi yako alikuwa akituchemshia matunda haya tukikohoa, mimi na Remigia. Na alituchapa tukiyataja kwa lugha yetu mbele za watu.”

Nikamwuliza waliyaitaje. Akalisema jina, mara moja tu, na kikohozi kikalikata katikati. Nilipomsihi arudie, akageukia ukutani.

“Umeshalisikia. Waandikie chanyari, inatosha.”

Mwisho wa Agosti Bi Ofelia atazipeleka mbegu mjini na daftari analoziorodhesha litafungwa. Mstari wa jina hilo ameuacha wazi kwa ajili yangu. Nimejaribu kulitamka, lakini ninachotoa ni kikohozi tu.

Umebaki wewe peke yako, Mama Mdogo. Kama unalikumbuka, liandike unavyoweza, hata kwa makosa. Kama hutaki kulitaja, sitakulazimisha. Sirudii kosa lile. Na kama limekutoka, niandikie vilevile, nijue kwamba hakuna tena wa kumwuliza.

Wasalimie Anselmo, Nélida na wajukuu. Mume wangu Casimiro anakusalimu sana. Mungu akutunzie pumzi mpaka tuonane.

Ni mimi, mtoto wa dada yako, akupendaye,
Delmira