Orodha ya Maneno Mazito

Nilkhet, Dhaka
Jumatatu

Jhorna mdogo wangu,

Salamu zikufikie hapo nyumbani penye harufu ya khichuri, ule wali wa dengu wa mama. Huku mvua haikatiki, na mashine yangu ya fotokopi bado inakohoa kama babu. Usicheke mwandiko, leo natumia mkono wa kushoto.

Unaikumbuka ile orodha ya maneno mazito niliyokutumia uyatie kwenye tasnifu yako? Niliyachota kwenye tasnifu za watu nikizijalidi. Wanachuo arobaini wa hapa waliinunua, wote wakamwaga maneno yale yale, profesa wao akawafelisha wote.

Jana wakaja sita kati yao hapa sokoni na magongo ya kriketi. Kiongozi wao kaishika orodha. "Haya, profesa wa fotokopi! 'Mkabala' maana yake nini?"

"Si ni dawa ya tumbo, kaka?"

Gongo la mbavu. Akauliza "dhahania", nikala la bega. Kufika neno la sita meno yangu mawili yako sakafuni, na mkono wa kulia umevunjika kama biskuti. Waliacha kwa kuchoka tu, maneno yalikuwa bado mengi.

Mama mwambie niliteleza ngazini.

Sasa nisikilize, maana tasnifu unaipeleka Alhamisi. Keti na ile orodha. Neno unaloweza kumweleza mama jikoni akakuelewa, liache. Mengine yote futa, andika unavyoongea. Mtihani huo mimi nimeufeli mara sita, tena mbele ya soko zima. Wewe ufaulu.

Kaka yako mwenye pengo jipya,
Moznu