Fungu la Mashine

Jumatatu, 3 Julai 1995
Kahawa mbili, magazeti matatu. Makala yangu ya gazeti la Ijumaa imefika nusu. Hoja ni ile ile: katika pato la taifa, fungu linalokwenda kwenye mashine, barabara na majengo ni dogo mno. Tunakula leo mtaji wa kesho. Wafanyabiashara wetu nimewaita madalali wa viwanda vya watu wengine. Neno zuri. Libaki.

Jumatano, 5 Julai
Abdalla, mdogo wangu, anataka kukiua kinu cha mafuta ya nazi alichotuachia baba huku Bondeni. Mashine zikatwe, ziuzwe kama vyuma vikuukuu. Pale afungue duka la mafuta ya mawese kutoka ng'ambo. Kinu ni chetu nusu kwa nusu. Bila sahihi yangu hakiuzwi. Nimemwambia ng'o!

Ijumaa, 7 Julai
Makala imetoka. Barazani wameisifu. Abdalla akaichukua akaisoma kwa sauti mbele ya wote, taratibu, kama hati ya mashtaka. Kisha:
"Haya kaka, waziri wetu wa fedha. Na wewe fungu la mashine ulitoa lini?"
Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikamwita dalali. Nikaondoka. Namchukia.

Jumamosi, 8 Julai
Kinuni, kutafuta ushahidi dhidi yake. Katana, fundi wetu kwa miaka kumi na minane sasa, hakunipa. Alinionyesha gia iliyochomelewa mara nne. Beringi za lori bovu. Mkanda alioushona kwa mkono wake.
"Bwana Abdalla alitaka gia mpya mara mbili," akasema. "Mara zote mbili wewe mzee ulisema faida igawanywe kwanza."
Kweli. Nilisema. Nusu yangu nimeila yote: vitabu, karo, kanzu za Idi. Hata bolti moja sikununua. Nina hasira na Katana kwa kukumbuka.

Jumanne, 11 Julai
Nimejitolea. Nisichukue faida yangu miaka mitatu, tununue gia. Abdalla hakunicheka, na hilo limeuma zaidi. Shafti nayo imepasuka. Vipuri vya mashine ile havitengenezwi tena popote.
"Umechelewa, kaka."
Hakuna aliyemtukana mwenzake. Nimetia sahihi.

Alhamisi, 20 Julai
Wakataji wamemaliza jana. Leo Katana amekuja nyumbani. Amesikia kuna kazi ya ufundi kiwandani huko Mbaraki, anataka barua ya kumtambulisha. Nimemwandikia mistari minane. Nikamsomea. Nilipofika "aliiweka mashine hai bila msaada wa wenye kinu", akaniinulia mkono.
"Hapo toa, mzee. Wataniona mlalamishi."
Nimetoa. Nimeiandika upya kwa hati safi, akaikunja, akaenda zake.