Kipande cha Tatu

Mama, shikamoo.

Nyama yako ilipotea. Ilipotea maabara, Dar es Salaam, Jumanne ya mwisho kabla ya Ramadhani, wewe ungali hai, unanisubiri hapa Kitangari. Nilirudi mikono mitupu nikakwambia bado wanapima. Nisamehe.

Daktari alikata vipande vitatu kwenye titi lako, kila kimoja kama punje ya mchele. Nilivihesabu mwenyewe. Ukasema, "Mimi sizikwi nusu nusu, mwanangu. Kimoja kibaki nyumbani." Nikakitoa kwenye chupa ya dawa alimovitia daktari, nikakifunga kwenye kipande cha kanga yako, nikakifukia chini ya mkorosho wa nyuma ya jiko. Viwili nikapanda navyo basi, chupa nimeipakata njia nzima kama mtoto.

Fundi wa maabara hakunificha. Vipande vidogo hufungwa kwanza kwenye karatasi nyepesi, ndipo vitiwe kwenye kisanduku chenye matundu na kupitishwa kwenye dawa. Vyako havikufungwa. Walipofungua kisanduku, kitupu. "Vimepenya, mama. Kama mna kingine, leteni."

Kingine! Nani alikifukia kama si mimi? Na kilichokwisha kuoza hakipimwi.

Siku hizi wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na mizani yao mpaka mlangoni. Anayenipunja nusu kilo namjua kabla hajafunga gunia. Na lile tangi la maji ulilonicheka, "Mitumba ya Masasi itajenga tangi?", limejengwa, limejaa. Lakini hesabu yako imenishinda. Vitatu, toa viwili. Kibaki kimoja.

Siku ya arobaini yako, watu walipokwisha kula na kuondoka, nilikwenda kukifukua nikuletee kaburini. Ardhi ngumu, haijaguswa. Kitambaa nilikikuta. Fundo langu lile lile, nikalikata kwa kisu maana lilikataa kufunguka. Ndani hamna kitu. Hata doa, Mama. Kikavu, kinanuka dawa ya chupa ile.

Tangu hapo, kila asubuhi nikienda kuchota maji tangini, nakuta udongo pale chini ya mkorosho umelainishwa kama umepapaswa kwa kiganja. Nyayo hakuna. Niliweka jiwe. Kesho yake jiwe liko mlangoni kwangu.

Ulikuja kuchukua chako? Sawa, ni chako. Lakini mdogo wangu Somoe ana uvimbe titi lile lile, la kushoto. Hakatwi, anasema, mpaka ajue wewe uliondoka na nini. "Mama alikatwa, Dada. Alipata jibu gani?"

Basi letu ni Jumamosi asubuhi, akikubali. Nakuahidi: vyake nitavihesabu mbele ya fundi, sitoki mpaka nione vimefungwa kwenye karatasi, na sifukii hata kimoja.

Lala salama, Mama. Ila ukinijia ndotoni usisimame tu umeshika kifua. Sema. Ni ugonjwa ule, au siyo? Neno moja tu, kabla ya adhana ya alfajiri, Jumamosi.