Gari Limezimika Bila Mimi

Mabawa, Tanga
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Mwanahamisi,

Marahaba, maana najua umekwisha nisalimia kabla hujaifungua bahasha. Magoti bado yanakusumbua? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Nakuandikia kwa sababu simu haitufai tena: wewe husikii, na mimi sauti imebaki pumzi tu. Vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Niko Mabawa! Nimetoka Dodoma na mwanangu Zaina, kwa lile gari lake ambalo viti vya nyuma bado vina nailoni. Ni zuri, lakini lilikuwa na ugonjwa usioeleweka. Zaina akienda kazini, halina neno. Akinipeleka mimi hospitali, linazimika katikati ya barabara. Mafundi wa Dodoma walilipima kwa kompyuta, wakasema gari ni zima. Mume wa Zaina akanitania, "Baba, gari linakuogopa." Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda kulala na neno lile.

Njiani kuja huku lilizimika kabla ya Segera, likazimika tena Muheza. Kila mara Zaina hunisogeza mbele pamoja na kiti ili nishuke nivute hewa, na nikipanda tena, linawaka. Tulipofika hapa kwa rafiki yake, Zaina akaniambia kwa upole kwamba hathubutu kunipeleka hadi kwenu. Likituzimikia njia ya Pangani atafanya nini na mimi? Angetafuta fundi, na asipoona kitu, tungerudi Dodoma.

Sasa sikiliza nikuambie. Mimi niliyefundisha fizikia maisha yangu yote, niliyekucheka ulipotaja nyota ya mtu, niliamini. Nilijiambia mauti yamekwisha kaa nami ndani ya gari, ndiyo maana halitaki kunibeba. Ile chupa uliyonipa ya kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, niliyosema nimeisahau huko kwenu Ushongo, nilikuwa nayo. Pale Muheza Zaina alipokwenda kununua machungwa, nikainyunyizia boneti. Gari likawaka, nami nikakuombea dua.

Jana nimekaa barazani, Zaina anafuta vumbi garini huku injini inanguruma. Akakisukuma kiti changu, kile cha kando ya dereva, nyuma kabisa ili apate kufagia maganda ya machungwa. Kimya! Gari limezimika, na mimi niko barazani na kikombe cha chai. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi:

"Limezimika bila mimi!"

Zaina akadhani nimezidiwa, akaja mbio. Nikamwambia, "Rudi. Kiti mbele, liwashe. Sasa nyuma." Likazimika. Tukarudia mpaka tukacheka machozi. Mgongo wangu, Mwanahamisi! Siwezi kukaa wima muda mrefu, kwa hiyo nikichoka njiani kiti changu husukumwa mwisho na kulazwa, na hakuna mwingine akaaye hivyo. Fundi tuliyemwita akafunua zulia: nyaya za pampu ya mafuta zimepita juu ya reli ya kiti, zinabanwa. Waliofunga kamera ya nyuma hawakuzirudisha mahali pake. Amezitengeneza, na jioni tumezunguka hadi Raskazone na kurudi, mimi nimelala chali natazama vilele vya minazi.

Kesho tunavuka mto Pangani kuja kwenu. Msalimie shemeji, binti yako anayewapikia wageni pale hotelini, na mwalimu wa madrasa aliyeniandikia kombe. Mwambie limefanya kazi yake kwa njia ndefu.

Na hili ni lako peke yako. Watu waambie kaka amekuja kutembea. Zaina naye anajua hivyo. Lakini daktari amekwisha acha kunipa tarehe ya kurudi, na mimi sikuiuliza. Nitandikie kile kitanda cha mama, dirishani. Usilie nikishuka. Nakuja kwa furaha ambayo sijaipata miaka mingi, nimelala kama bwana mkubwa, kiti nyuma kabisa, na gari linakwenda.

Kaka yako,
Athumani