Mbogo Aliyejeruhiwa na Baba Yako

Kijiji cha Usinge,
Tabora.
5 Aprili 1975

Mpendwa mwanangu Dionis,

Nakuomba radhi kwa kimya changu cha tangu Noeli. Sikukusahau. Nilitaka kukuandikia habari iliyokwisha, nayo haijaisha, wala siwezi kungoja zaidi. U hali gani huko Tanga? Kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, ila mama yako Apolinaria hapati usingizi.

Vile vichwa vyepesi vya risasi ulivyomletea baba yako, mdogo wangu, alivipokea kwa furaha, kwa kuwa vizito havipatikani tena dukani. Aliyasafisha maganda ya risasi za zamani, akapima baruti kwa mizani yake ndogo, akazijaza risasi mwenyewe mezani. Alizijaribu kwenye ubao wa mninga, zikautoboa. Nilimwambia kwamba ubao hauna mfupa wa bega, wala haugeuki ukamjia mtu mbio. Alicheka.

Kwa swala zilifaa sana. Kisha mbogo akaingia katika shamba la ujamaa, na mwenyekiti akamwita baba yako. Alimpiga begani, pale pale panapostahili. Risasi ilipasuka juu ya mfupa, haikufika moyoni. Mnyama aliondoka na jeraha lake, na nyasi za masika zimemficha mpaka leo.

Juzi jirani yetu Lugembe alikwenda kutazama mizinga yake ya nyuki. Mbogo alimvizia, akamvunja paja. Yupo hospitali. Mkewe Zamda alisema kisimani mbele ya watu, "Mwindaji gani huyu, anampiga mbogo kwa punje za choroko?" Wanawake hawaendi tena kutafuta kuni, na tumbaku iliyovunwa inaoza kwa kukosa moto wa kuikausha.

Unaijua desturi aliyotuachia babu yako: aliyejeruhi mnyama akamwacha hai haruhusiwi kula chungu kimoja na wenzake mpaka ammalize. Baba yako anakula peke yake nyuma ya ghala. Bunduki nimeifungia sandukuni mwangu, asije akamfuata mbogo kwa risasi zile nyepesi, naye kila asubuhi huja, hunipa shikamoo, kisha huomba ufunguo. Jana aliniambia, "Kaka, mbogo yule nimemjeruhi mimi. Akiua, nimeua mimi."



Imebaki risasi moja nzito, ya babu yako. Hatujui kama baruti yake bado inawaka. Bwana Nyama, afisa wa wanyamapori, ameahidi kuja, lakini gari lake halina petroli. Kesho baada ya misa kijiji kitakutana, nami nitatakiwa kusema: ama nampa mdogo wangu ufunguo, ama watu wasubiri.

Usijilaumu kwa vile vichwa. Ulivileta kwa upendo.

Shangazi yako Tatu anakusalimu. Nisalimie mkeo Josepha na watoto. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nikimpa ufunguo, nitakwenda naye. Vyovyote nitakavyoamua, nitakuandikia kabla sijavuka kizingiti cha nyumba yangu.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Baba yako mkubwa,
Hilari