Shingo ya Kuku wa Annah

Ploti ya Mama Okinyi,
Riruta, Nairobi.
Jumatatu, 11 Agosti 2025.

Mpendwa dada Kaindi,

Salamu nyingi kutoka kwetu, tena za watu waliovaa sweta mbili mbili, maana baridi ya mwaka huu haina huruma. Hujambo lakini? Shemeji Kibe na watoto wazima? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua ukitoka zamu ya usiku umepata nafuu, au bado unajifanya chuma? Nakujua wewe. Utawauguza wazungu wote wa Leeds na usimwambie mtu kwamba unaumwa.

Sisi hatujambo. Kimanzi, huyo bwana wangu, alikohoa mwezi mzima, akakataa hospitali, akapona kwa ukaidi. Mimi niko vizuri isipokuwa roho, na hilo ndilo limenikalisha chini niandike.

Uliniuliza kwa nini Annah hashiki simu yako sawasawa, na kwa nini ukimuuliza habari za darasa anakwambia tu, "Muulize Ndunge." Nimekuwa nikikukwepa, dada. Nilikutumia picha za maua na vichekesho nikitumaini utasahau. Sasa Ngui wa kanisani kwetu anakuja huko kusoma, na nimeona heri nikwambie kwa mkono wangu. Kosa lilikuwa langu.

Ni wewe uliyeniomba, mwezi wa tatu, nimtoe mdogo wako Annah kwenye ile gorofa ya Kileleshwa anakofanya kazi za nyumba angalau Jumapili, siku yake ya mapumziko, kwa sababu alikuwa anaimalizia kitandani akiangalia dari. Nikasema aje kwangu mjini. Unajua kila Jumapili saa nane nafundisha watu kuchora kwa rangi kwenye vitambaa, katika chumba kilicho juu ya duka la nguo la Aarti, Biashara Street. Aarti hufunga duka siku hiyo na chumba ananiachia bure, mradi tusimwage rangi kwenye sakafu yake. Tunamwaga, lakini tunafuta.

Annah alikuja. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, mkoba juu ya mapaja, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Nikampa kitambaa cha marekani, kimeshafuliwa kikatoka wanga ili rangi ishike. Hakukigusa. Akaniuliza kama anaweza kuwaoshea wenzake brashi. Kaindi, aliosha brashi za watu wanane, akazipanga kwa urefu, akasema asante, akaenda nyumbani. Jumapili iliyofuata vilevile.

Watu wazima wakianza wanaogopa weupe wa kitambaa. Kwa hiyo mimi huwa na desturi yangu: kabla ya rangi, kila mmoja anadondosha chai kidogo katikati ya kitambaa chake. Kikishapata doa, hakuna tena cha kuharibu. Mzee Balbir, aliyeuza vipuri vya malori miaka arubaini, alikuja na rula siku ya kwanza akitaka mistari iliyonyooka. Baada ya doa la chai rula aliirudisha mfukoni, na sasa anachora malori yenye magurudumu kama viazi na anafurahi kuliko sisi sote.

Jumapili ya tatu Annah alidondosha chai yake. Tone moja, kisha akanitazama aone kama nitagomba. Nikajifanya sijaona. Akachukua brashi.

Alichora kuku. Saa mbili nzima hakuinua kichwa, na ulimi ulikuwa umetokeza pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Mimi nilitoka nje kwenye ngazi nikalia kidogo, maana sijamwona hivyo tangu tumzike mama mkubwa, mama yenu.

Sasa sikia upumbavu wangu. Simu yake ililia, ni mdosi wake, yule aliyemwajiri Kileleshwa, akashuka chini kuongea. Aarti alikuwa amesema ataning'iniza kazi zetu kwenye dirisha la duka, watu wa Biashara Street waone. Nikaangalia kuku wa Annah. Mabawa mazuri, miguu mizuri, lakini shingo imepinda kabisa, kichwa kimelala upande. Nikaogopa watamcheka. Nikasema wacha nimsaidie kidogo, rangi ikiwa bado mbichi. Nikachukua brashi, nikainyoosha shingo. Dakika mbili hazikuisha.

Aliporudi alikiinamia kile kitambaa. Kisha akasema, "Asante, mwalimu." Mimi, Ndunge, niliyekuwa nambeba mgongoni, nikawa mwalimu. Akakikunja kitambaa rangi ikiwa mbichi, akaondoka. Mzee Balbir alinitazama juu ya miwani, akaniambia polepole kwamba aliniona nikifanya na alipaswa kunizuia.

Hakuja Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Yakawa majuma matano. Nikimpigia, simu inalia mpaka inachoka. Mwishowe nikaenda Kileleshwa mwenyewe. Mlinzi akapiga simu juu, Annah akashuka na aproni, mikono ina povu, tukaongea hapo getini magari yakitupita. Nikaanza kumweleza habari za dirisha na watu kucheka. Hakuniacha nimalize.

"Kule juu nikiosha vikombe, vinaoshwa tena nikiwa nimesimama hapo," alisema. "Nikipiga shati pasi, inapigwa tena. Miaka kumi na tisa. Nilifikiri kwako kitu moja tu ndiyo itabaki vile nimeifanya."

Hakusema kwa hasira, dada, na hiyo ndiyo iliniumiza. Mdosi wake si mtu mbaya, hata Annah mwenyewe anasema hivyo. Ni mtu wa kusafisha kilicho safi tu. Na mimi nilikuwa nimefanya hayohayo, tena nikitabasamu. Nikamwomba msamaha palepale mbele ya mlinzi. Akasema amesikia, vyombo vinamngoja. Nilitembea kwa miguu mpaka steji ya matatu nikijiambia kwamba nimemharibia kitu ambacho sijui kutengeneza.

Jana amekuja.

Niliinua macho saa nane na robo na huyu hapa, mkoba uleule. Hakukaa mlangoni. Alikuja mpaka katikati ya meza, akakunjua kitambaa kilekile, na kilikuwa kimefuliwa. Kumbuka rangi hizi haziwi za kudumu mpaka zipigwe pasi, na yeye alikuwa ameondoka nacho kabla ya pasi. Usiku uleule alikifua. Na unajua hakuna anayefua kama Annah. Kuku wangu mwenye shingo iliyonyooka alikwisha kabisa, kimebaki kivuli tu, na lile tone la chai. Akaniambia nimpe rangi nyeusi.

Akamchora tena. Kuku yuleyule, na shingo imepinda kuliko mwanzo. Mimi nilikalia mikono yangu, nakwambia kweli, niliikalia mpaka ikafa ganzi. Alipomaliza mdomo ndipo nikauliza swali ambalo ningeuliza tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Nikamuuliza huyu ni kuku gani.

"Chifu," akasema. "Wa mama."

Wewe umeshaelewa, mimi ilibidi nielezwe, kwa vile sisi tulilelewa Machakos mjini na kwenu tulikuja Krismasi tu. Akanieleza jinsi mwewe alivyomkamata yule kuku na mama mkubwa akamnyang'anya kwa mwiko, shingo ikapona ikiwa imepinda, na tangu siku hiyo akawa anamtazama kila mtu kwa jicho moja kama chifu aliyeletewa kesi. Ati mama alikataa asichinjwe hata siku ya mahari yako, akasema aliyemshinda mwewe hawezi kuliwa na wakwe. Annah alicheka akisimulia, nasi wote tukacheka, Mzee Balbir mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka la meza. Na mimi nilikuwa nimeinyoosha shingo ile.

Aarti alipanda kutuona, akamwona Chifu, akaomba amtundike dirishani leo asubuhi. Annah akamjibu kwa adabu kwamba atamchorea mwingine Jumapili ijayo, kwa sababu huyu ana kwao. Kisha akageuka, na mbele ya watu wote akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Pasi iko wapi?"

Akampiga pasi mwenyewe, upande wa nyuma, polepole, kona hadi kona. Hakuna aliyerudia.

Ndiye aliyemo kwenye kifurushi anachokuletea Ngui. Annah hakutaka nikutumie picha, alisema umwone wewe mwenyewe kwanza. Mpigie simu Jumapili jioni, atashika.

Nisalimie shemeji Kibe, na uwabusu watoto wote wawili. Kimanzi anakusalimu, mama yangu pia, na Mama Okinyi mwenye hii ploti tunayopanga anauliza utarudi lini umletee kitambaa cha kichwa. Mungu akulinde katika zamu zako, akurudishie usingizi, na atukutanishe tukiwa na meno yetu yote.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye hata nikikosea,
Ndunge

Nilitaka kusahau: safari itamkunja kitambaani. Mtandike juu ya gazeti, umpige pasi kwa nyuma. Mikunjo yote itoe. Shingo iache.